Mwaka Dada Alipokataliwa Kufilisika

Wakili Barasa amezikwa wiki hii kwao, ng'ambo ya Kitale, na sikuweza kufika kwa sababu maji yalikuwa yamekata barabara. Nilituma mchango kwa simu ya binti yake, kisha nikaketi nje na kikombe cha chai ambacho sikukinywa. Jirani yangu, aliyekaa Lodwar miaka mingi kama mimi, akaniuliza kuna nini. Nikamwambia. "Si ndiye yule alifungisha Ester?" akauliza. Nikasema ndiye. Akaona si vizuri kumsema marehemu, akaongeza kwamba pengine Mungu alimtumia tu, maana tazama mambo yenu sasa yalivyo. Hivyo ndivyo mji unavyoisimulia habari ile. Wengine wanasema Barasa alimtupa dada yangu gerezani. Wengine, wale wanaopenda mambo yaishe vizuri, wanasema kosa lake lilikuwa baraka. Mimi nilikuwapo, nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na mpaka leo sijaweza kukubaliana na upande wowote.

Tulikuwa tukiishi mtaa wa Napetet, mimi na Dada Ester, katika ploti yenye vyumba vitano vya matofali vilivyopangwa mstari mmoja, vikitazama ua wa mchanga. Chumba cha mwisho tulilala sisi. Vinne vilikuwa stoo. Nikifumba macho naweza kuvitofautisha kwa harufu: cha kwanza sabuni, cha pili sukari na majani ya chai, cha tatu unga, cha nne mafuta ya kupikia, ambayo joto la mchana liliyafanya yatoe jasho kwenye mitungi. Jikoni kulikuwa kibanda cha mabati ambamo hakuna mtu aliyeweza kusimama baada ya saa nne asubuhi, kwa hiyo chakula cha mchana kilipikwa alfajiri na kuliwa kikiwa vuguvugu: samaki mkavu wa Kalokol aliyerowekwa usiku kucha, ugali, na pilipili ambayo dada aliipenda kuliko nyama. Ester alinizidi miaka kumi na minne. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya chini, asiyependa kurudia neno. Alichukua bidhaa Kitale, nusu kwa mkopo, akazipeleka kwa lori la kukodi hadi kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kwa wenye maduka. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nilikuwa naye kama msaidizi, ingawa kazi yangu kubwa ilikuwa kupokea simu na kusema dada hayupo.

Mwaka ule wa 2012 watu wote wa Lodwar walizungumza juu ya mafuta. Yalikuwa yamegunduliwa upande wa kusini, na ghafla kila kijana aliyejua kuendesha gari alitaka kazi ya udereva kwa wazungu. Sisi hatukuzungumza juu ya mafuta. Sisi tulizungumza juu ya lori. Mvua kubwa ilinyesha milimani, na lori letu lilikuwa karibu kufika Kakuma likiwa limejaa hadi juu ya turubai. Dereva alifika kwenye laga, mto wetu usio na maji miezi mingi, akaona mchanga mkavu, akaingia. Mvua haikuwa imenyesha pale hata tone. Maji yalitoka huko ilikonyesha, yakaja mara moja, yana sauti. Dereva na turniboi, msaidizi wake, walipanda juu ya kichwa cha lori wakakaa huko hadi watu walipowatoa kwa kamba. Dada na mimi tulifika siku iliyofuata. Lori lilikuwa limelala ubavu. Sukari haikuwepo tena, hata magunia yake. Unga ulikuwa umekuwa uji uliogandamana na mchanga. Sabuni tu ndiyo iliyosalia, imetawanyika chini ya mto mbali sana, na kwa majuma kadhaa kina mama wa upande ule walifua nguo zao kwa sabuni yetu. Ester alisimama ukingoni akatazama, akasema, "Angalau watakuwa safi," kisha akarudi kwenye gari lililotuleta.

Nusu ya mzigo ule ilikuwa ya Mzee Kirwa, mwenye duka la jumla kule Kitale, aliyempa dada kwa kuaminiana. Nusu nyingine ilikuwa imelipiwa kabla na Mama Nyandeng, Msudani Kusini mwenye duka Kakuma Moja. Hivyo kwa siku moja tukawa na deni la watu wawili, na stoo zilizokuwa zimeanza kuwa tupu zikawa tupu kabisa. Mzee Kirwa alingoja. Lazima niseme alingoja zaidi ya vile wengi wangengoja. Halafu akashtaki, mahakama ya Lodwar ikaamua dada alipe, na dada hakuwa na kitu. Dalali wa mahakama akaja na vijana wake wakabeba friji, pikipiki na mizani. Ploti yenyewe aliizunguka mara mbili akaiacha. Haikuwa na hatimiliki, ilikuwa na barua ya baraza tu kama ploti nyingi za hapa, na alisema hakuna mtu wa Kitale atakayenunua barua. Baada ya hapo ikaja hati ya kumtaka dada aeleze kwa nini asifungwe kwa ajili ya deni. Hatukujua kwamba jambo hilo bado lipo. Tulidhani watu hufungwa kwa kuiba.

Aliyetupeleka kwa Barasa ni mke wa mchungaji wetu, aliyesema ni wakili mpole na hatozi kama wengine. Tulimfuata Kitale mwanzoni mwa 2013, wakati mji ulikuwa umebandikwa nyuso za wagombea hadi kwenye miti. Ofisi yake ilikuwa ghorofani, juu ya duka la dawa za mifugo, na harufu ya dawa ya kuogeshea ng'ombe ilipanda ngazi pamoja nasi. Alikuwa mtu mnene, wa miaka hamsini hivi, mwenye miwani iliyoshikiliwa na waya upande mmoja. Aliagiza chai na mandazi kabla hajauliza jambo lolote, akatungoja tule. Kisha akaeleza. Kuna sheria, alisema, inayomruhusu mtu aliyeshindwa kabisa kwenda mahakama kuu na kusema nimeshindwa. Akitangazwa muflisi, ofisa wa serikali anashika kila kitu chake na kugawia wanaomdai, na hakuna anayeweza kumfunga tena.

"Nikishaitwa muflisi," dada aliuliza, "nitaitwa hivyo hadi nife?"

"Hapana, mama. Ni kipindi. Unatoka."

"Na nyumba?"

"Nyumba inaweza kwenda. Sitakudanganya."

Ester alitazama dirishani kwa muda mrefu. Najua alichokuwa akikihesabu, maana usiku ule katika gesti alinieleza: vyumba vitano kwa upande mmoja, na kwa upande mwingine mlango wa chuma usioweza kuufungua mwenyewe. Alichagua mlango uwe wazi. Kilichomsumbua ni Mama Nyandeng. Barasa alisema kila mtu anayedai lazima atajwe, hakuna kuchagua. Kwa hiyo dada akalitaja jina la Nyandeng, na hakupata ujasiri wa kumpigia simu kumwambia.

Siku ya kesi tulikwenda wote wawili. Dada alivaa gauni lake la kanisani. Mahakama ilizungumza Kiingereza, na Kiingereza chake cha darasa la saba kilimwacha mlangoni, kwa hiyo nilikaa karibu ili nimnong'oneze. Barasa alisimama, akaanza vizuri. Halafu wakili wa Mzee Kirwa, kijana aliyevaa viatu vya kung'aa, akanyanyuka na kusema ana jambo dogo la kuuliza mwenzake. Sikulielewa mara moja. Nilisikia neno cheti, nikasikia mwaka ukitajwa. Jaji alivua miwani akamtazama Barasa, akamuuliza kitu kwa sauti ya upole kabisa, na Barasa akajibu kwa sauti ndogo mno kwa mwili wake. Jaji akaandika. Haikuchukua muda mwingi kuliko kununua nyanya. Watu wakainama, sisi tukainama, tukatoka.

"Imekuwa aje?" dada akaniuliza.

"Sijui. Wameongea juu ya cheti fulani."

Tulimngoja Barasa kwenye kivuli cha ukuta. Alipokuja alikuwa amekumbatia mafaili kifuani kama mtu anayesikia baridi. Akasema kuna shida kidogo ya makaratasi, atairekebisha, turudi nyumbani tusiwe na wasiwasi. Alitununulia hata tikiti za basi. Njiani kurudi Ester alilala usingizi wa kweli, kichwa begani kwangu, kwa mara ya kwanza tangu lori lilipopotea. Naukumbuka uzito wa kichwa kile. Nikikumbuka kwamba wakati huo kesi ilikuwa imekwisha kutupwa, na mtu pekee kati yetu aliyejua alikuwa ametulipia nauli ya kurudi kwenye mikono ya dalali, hasira inanipanda hata sasa, wiki hii ya kumzika.

Walikuja kumchukua asubuhi, wakati tunachambua dengu. Dalali yuleyule, askari wawili, mmoja wao kijana wa hapa hapa mjini aliyemwamkia dada kwa heshima, "Ejok, mama," na dada akamjibu, "Ejok noi," kama vile amekuja kununua sukari. Dalali akasoma karatasi. Dada akasema kuna kesi Kitale, wakili wetu amesema. "Hiyo ya kufilisika? Mama, hiyo ilitupwa," dalali akasema, na nadhani alishangaa kweli kwamba hatujui. "Siku ileile. Hawakukwambia?" Ester alinawa mikono, akanipa lile sinia la dengu, akaingia ndani kubadilisha nguo. Alipotoka alikuwa ameacha hereni mezani. Aliniambia nisilie mbele ya watu, na sikulia, mpaka waliposhika njia ya barabara kuu na nikaona kwamba kijana yule askari alikuwa amembebea mfuko.

Barasa alitokea siku mbili baadaye. Alikuwa amesafiri usiku kucha kwa basi, suti imejaa vumbi, uso umevimba. Sikumkaribisha. Alikaa mwenyewe juu ya mtungi mtupu wa mafuta uliokuwa kwenye mlango wa stoo, akaomba maji, nikamwonyesha lilipo pipa. Alikunywa, akarudi akakaa. Mimi niliendelea kufagia ua ambao haukuwa na uchafu.

"Dada yako amefungwa kwa sababu yangu," alisema.

Nikaacha kufagia.

"Kila mwaka wakili analipia leseni, anapewa cheti. Isipolipiwa, huruhusiwi kutia saini karatasi yoyote ya mahakama. Nilitia saini ombi la dada yako Februari. Leseni nililipia Machi. Wakili wa Kirwa alikwenda akachunguza, akagundua. Jaji alisema karatasi iliyotiwa saini na mtu asiye na leseni si karatasi. Akaitupa. Alikuwa sahihi."

"Kwa nini hukulipa?"

Alivua miwani akaishika kwa mikono miwili. "Ningeweza kukwambia mke wangu alikuwa hospitali. Ni kweli alikuwa hospitali. Lakini si hiyo. Nilisahau, binti. Siku zote nalipa Januari, mwaka huu nilisahau."

"Na kwa nini hukutwambia palepale?"

Kuku wa jirani waliingia uani, wakatoka. "Niliona haya," alisema. "Nilidhani nitamtafuta mwenzangu atie saini nyingine kabla hawajamfikia. Hawakungoja."

Nilikuwa nimejiandaa kumtukana. Nilikuwa na maneno, nimeyapanga siku mbili usiku. Lakini ni vigumu kumtukana mtu anayekupa kosa lake lote bila kubakiza. Nilimwambia tu kwamba gerezani wanaruhusu wageni asubuhi, na kwamba yeye ndiye atakayemweleza dada, si mimi. Tukaenda pamoja. Ester aliletwa akiwa amevaa nguo zake mwenyewe, maana wafungwa wa deni hawavalishwi za gereza, akamsikiliza Barasa hadi mwisho bila kumkatiza. Kisha akauliza swali ambalo hakuna kati yetu aliyelitarajia.

"Nani ananilipia chakula hapa?"

"Mzee Kirwa," Barasa akasema. "Ni sheria. Anayekudai ndiye analipia matumizi yako, kila mwezi. Asipolipa, wanakutoa."

Ester akacheka, kwa mara ya kwanza na ya mwisho katika gereza lile. "Yaani bado ananikopesha." Halafu uso wake ukafungika. Alimwambia Barasa, "Enda ufanye ile kitu unajua kufanya. Mimi sina nguvu ya kukukasirikia hapa ndani." Akaniambia mimi niende Kakuma nikazungumze na Mama Nyandeng, kabla hajasikia kwa watu.

Alikuwa amekwisha kusikia. Duka lake lilikuwa la mabati na turubai, kwenye njia pana ambapo Wasomali waliuza vitambaa upande mmoja na Wakongo walinyoa nywele upande wa pili, muziki wao ukigongana katikati. Nyandeng alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mwanamke mweusi sana, mrefu kuliko hata dada, paji la uso limechorwa mistari ya kwao, na msalaba wa mbao shingoni. Hakuniambia karibu.

"Wewe naandika jina yangu kwa korti," alisema.

"Mama, wakili alisema lazima."

"Mimi ni mkimbizi. Jina yangu kwa korti ya serikali ya Kenya, mimi nalala namna gani? Mtu nakuja na karatasi, nasema Nyandeng, duka hii ya nani, pesa natoka wapi. Nyinyi nafikiri hiyo?"

Hatukuwa tumefikiri. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia pia kesi imetupwa, kwa hiyo jina lake halitafuatwa tena, na dada yuko ndani. Hilo la mwisho hakulijua. Aliita msichana alete chai, akaniuliza kama gerezani kuna kitanda. Nikasema kuna godoro sakafuni. Akatikisa kichwa. Aliwahi kulala chini na watoto watatu njiani kuja Kenya, alisema, na jambo baya si sakafu, ni kutojua utaondoka lini. Tulipokunywa chai sikusubiri aulize. Nilisema sina pesa, ila nina mikono, na najua kuuza. Alinitazama kutoka miguu hadi kichwa. "Wewe nakaa hapa," alisema. "Nafanya kazi. Mimi nakwambia siku ya kalas." Nilijua kalas ni mwisho. Sikujua kwamba yeye mwenyewe hakuwa ameamua utakuwa lini.

Kwa hiyo miezi ile dada akiwa Lodwar, mimi niliishi Kakuma, katika chumba cha udongo nyuma ya duka, pamoja na wasichana wawili wa Nyandeng. Alfajiri tulipika asida, ugali wao wa mtama, tukaila na bamia iliyokaushwa na kusagwa, mchuzi wenye utelezi ambao siku za kwanza haukunipita kooni na baadaye nikautafuta hata Lodwar. Nilijifunza kuhesabu kwa Kiarabu cha Juba, kujibu salamu za Kisomali, kutofautisha Kiswahili cha Wakongo, wanaosema kila neno kama wanaliimba. Jumapili nilikwenda nao kanisani, chini ya turubai, ambako ngoma zilipigwa kwa nguvu hadi nikasikia kifuani, na wanawake waliinua misalaba ya mbao juu. Nyandeng hakunitendea kama mtumwa wala kama binti. Alinitendea kama mtu anayemlipa deni: chakula sawa na wengine, kazi zaidi kidogo. Nadhani ni hapo nilipoanza kuwa mtu mzima. Kabla ya hapo niliishi chini ya sauti ya dada. Kule ilibidi nijue mwenyewe kama mteja anadanganya.

Na ni kule nilikosikia jambo lililobadilisha mambo. Lilisemwa na madereva wawili, vijana wa Nairobi waliovaa fulana za kampuni fulani, waliokuja kununua maji. Walikuwa wakilalamika. "Lodwar saa hii hakuna rumu, bro," mmoja alisema. "Kaunti mpya imeleta watu, kampuni zimeleta watu. Mimi nimelala kwa gari wiki nzima, injinia mwenyewe amelala kwa gari." Mwenzake akasema angelipa chochote apate chumba chenye mlango. Nilikuwa nimeshika chupa zao za maji. Nilisimama nazo hadi yule wa kwanza akaniuliza, "Siste, unatupa ama?" Vyumba vinne, nilikuwa nikiwaza. Vinne, vitupu, vyenye milango, vinanuka sabuni.

Nilimpigia Barasa simu siku hiyohiyo. Hakunikatiza. Alipoelewa, alipumua kwa nguvu kwenye simu, akasema, "Usiseme zaidi. Naenda kwa Kirwa." Baadaye nilisikia alivyokwenda. Hakwenda na barua. Alipanda hadi dukani kwa yule mzee, akasimama kati ya magunia, akamwambia: wewe unalipa kila mwezi kumlisha mtu ambaye akiwa nje anaweza kukulipa kila mwezi. Kirwa alimfukuza. Alirudi siku ya pili. Kirwa alimsikiliza kidogo akamfukuza. Mara ya tatu alimkuta na mkewe, na mke ndiye aliyeuliza mwanamke yule amefungwa muda gani, kama ana watoto, na inakuwaje sisi ndio tunamlisha. Wakaandikiana: kodi ya vyumba vitatu kwa Kirwa hadi deni liishe, ya kimoja ibaki kwa Ester ale. Kirwa akaacha kulipia gereza, na mlango ukafunguliwa.

Nilikwenda kumuaga Nyandeng. Nilikuwa nimejitayarisha kubembeleza, maana kwa hesabu yangu bado alikuwa akitudai. Alikuwa akipanga viberiti. Bila kugeuka akasema, "Dada yako natoka?" Nikasema kesho. Akamaliza mstari mmoja wa viberiti, akaanza mwingine. "Basi kalas," akasema. "Mimi na nyinyi kalas." Kisha akanipa fungu la bamia kavu limefungwa kwenye gazeti, akaniambia nimpikie dada, mtu aliyetoka ndani anahitaji kitu cha kuteleza.

Sasa wale wanaosema kosa la Barasa lilikuwa baraka wana hoja, na siifichi. Kama ombi lile lingekubaliwa, ofisa wa serikali angeishika ploti, hati au barua, na Lodwar ilipojaa watu mwaka ule tungekuwa tunatazama wengine wakipokea kodi yetu. Deni la Kirwa liliisha. Vyumba vinne vimekuwa kumi na viwili. Lakini wao hawakumwona Ester siku aliyotoka. Alikuwa amekonda, na mwili ulirudi. Kisichorudi ni kwamba tangu siku ile hajalala ndani ya chumba mlango ukiwa umefungwa. Hulala uani, kwenye kitanda cha kamba, hata upepo wa mchanga ukivuma, na mgeni akija na kusukuma mlango nyuma yake, dada huinuka akaufungua, bila kusema kitu, huku akiendelea na mazungumzo. Mtu akiniambia baraka, mimi huukumbuka mkono wake ukienda kwenye komeo. Na mtu akiniambia Barasa alikuwa mtu mbaya, humkumbuka akiwa amesimama kati ya magunia ya Kirwa kwa mara ya tatu.

Mwaka ulipokaribia kwisha, ofisi moja ilitaka kupanga vyumba vyote vinne kwa pamoja, kwa mkataba wa maandishi. Kijana wao alituambia siku hizi Lodwar ina mawakili wazuri, atuletee mmoja. Mzee Kirwa alikuwa amekubali kwa simu, mradi fungu lake lifike. "Mwite Barasa," dada akaniambia. Nilidhani nimesikia vibaya. "Yule?" "Yule." Hakueleza, na hakuna aliyewahi kumfanya aeleze.

Alikuja kwa basi la mchana. Tulimpa samaki mbichi wa kukaanga aliyeletwa asubuhi ile kutoka ziwani, na ugali, na pilipili ya dada iliyomtoa machozi. Alikula kwa adabu kama mtoto aliyepelekwa kwa watu. Yule kijana wa ofisi alikuwa amekwisha kuweka mkataba mezani na kalamu juu yake. Barasa akanawa, akajifuta mikono kwa leso, kidole kimoja kimoja, lakini hakuigusa kalamu. Alifungua mkoba, akatoa karatasi iliyowekwa ndani ya nailoni, akaisukuma mbele ya Ester. Hakuna aliyeiomba.

Dada aliichukua. Aliisoma kwa sauti, polepole, Kiingereza chake cha darasa la saba kikijikwaa na kuinuka: jina la Barasa lote, namba, muhuri wa nani, mwaka. Kijana wa ofisi alitazama saa yake, akanitazama mimi, hakuelewa. Barasa alikuwa amesimama. Sijui alisimama lini. Ester alifika mstari wa mwisho, akaweka kidole hapo.

"Inaisha Desemba."

"Ndiyo, mama."

"Na sasa ni mwezi gani?"

"Oktoba, mama."

Alimrudishia karatasi kwa mikono miwili.

"Haya," akasema. "Andika."